Tuzijue Tabia za Wanyama Wetu wa Nyumbani

Masomo ya kusomwa kwanza: Mithali 12:10, Mathayo 23:37, Tobiti sura ya 5 na ya 11.



Katika mitaa yetu, tangu Mikindani hadi Msimbati, na kutoka hapo hadi vijiji vilivyo kando ya Mto Ruvuma, ni nyumba chache zisizo na mnyama. Ng'ombe tangu zamani walikuwa wachache upande wetu huu kwa sababu ya mbung'o. Lakini kuku wapo, bata wapo, mbuzi wapo, paka yupo jikoni, na mbwa yupo shambani akizuia nguruwe mwitu na nyani. Tunaishi nao kila siku, na kwa kuwa tumewazoea tunadhani tunawajua.

Tulipokuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi chuoni tulikuwa tukiwaambia neno hili: mwalimu asiyeijua hali ya mtoto ya kila siku, hataitambua siku mtoto huyo anapougua. Ndivyo ilivyo kwa mnyama. Hawezi kusema "ninaumwa" wala "niache." Lugha yake ni tabia yake. Anayeijua tabia ya kawaida ataona upesi inapobadilika, na kwa mnyama mmoja, yaani mbwa, kuona upesi kunaweza kuokoa maisha ya mtoto. Basi tuanze na walio wepesi, ndipo tufike kwa huyo.

1. Kuku

Kuku wana madaraka yao. Mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliwachunguza kuku kwa muda mrefu, na katika miaka ya 1920 akaandika kwamba katika kila kundi yuko anayewadonoa wote, wa pili anayewadonoa wengine isipokuwa yule wa kwanza, na kadhalika hadi wa mwisho anayedonolewa na kila mmoja. Wazee wetu walikwisha kuliona jambo hilo waliposema: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukileta kuku mpya, usidhani ugomvi wa siku za kwanza ni ubaya. Wanapanga vyeo. Wewe mwaga chakula mahali pawili au patatu, ili aliye wa chini naye apate kula.

Kuku akijigaragaza mavumbini, usimfukuze. Anajisafisha mabawa na kupunguza chawa na utitiri. Jioni hupenda kulala juu, maana asili inamwambia kwamba chini kuna kicheche na fungo. Kwa hiyo banda lisilo na fito za kulalia halimpendezi, hata likiwa na mlango wa kufuli.

Tena sikilizeni milio yao. Mwewe akipita angani jogoo hutoa mlio mwembamba mrefu, na wote hukimbilia uvunguni. Nguchiro akitokea chini, mlio huwa wa kukatakata, nao husimama shingo juu wakitazama. Ni maneno mawili tofauti kwa hatari mbili tofauti. Mama mwenye vifaranga huwaita kwa mlio wa tatu, nao huingia chini ya mabawa yake. Bwana wetu alipotafuta mfano wa kuueleza upendo wake kwa Yerusalemu, alitumia huo, nao waliomsikiliza waliuelewa kwa sababu walikuwa wamefuga.

Katika nyumba nyingi za kwetu mayai ya bata huwekewa kuku ayaatamie. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya bata huchukua siku 28 au zaidi kwa kadiri ya aina, naye kuku huvumilia. Lakini watoto wale wakiona dimbwi hujitosa, na mama yao hubaki ukingoni akipiga kelele. Hawakufundishwa na mtu kuogelea. Hiyo ndiyo tunayoiita asili: jambo ambalo mnyama huzaliwa nalo, wala malezi hayaliondoi.

Sasa, kuku aliyezoea kuwa wa kwanza kutoka bandani akibaki amejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi cha kijani, au shingo imepinda, hiyo si hasira wala uvivu. Yawezekana ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, nao huweza kulimaliza banda zima kwa siku chache. Mgonjwa hana dawa. Wazima wana chanjo, ambayo ni tone moja la jicho linalorudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Bwana mifugo au bibi mifugo wa kata atawaelekeza.

2. Mbuzi na Paka

Mbuzi hupenda majani ya juu kuliko nyasi za chini, ndiyo maana husimama kwa miguu miwili chini ya mkorosho. Hapendi mvua wala tope. Mbuzi mmoja aliyefungwa peke yake mchana kutwa hulia kwa sababu ni mnyama wa kundi, wala si mkaidi. Mama aliyezaa humficha mtoto kichakani siku za kwanza naye akaenda malishoni. Watoto wetu humwokota wakidhani ametupwa. Wafundisheni kumwacha: mama humtambua kwa harufu, naye atarudi.

Paka alianza kukaa na wanadamu zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, wakati watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakafuata nafaka. Paka pori wa ukoo ule ule yupo hata leo katika mapori ya Tanzania. Kwa hiyo paka hukuwinda kwake hakutokani na njaa tu. Wako wanaomnyima chakula ili akamate panya. Hilo ni kosa. Paka aliyeshiba huwinda bado, na tena hukaa nyumbani. Mwenye njaa huhamia kwa jirani, akaiba samaki.

3. Mbwa katika hali yake ya kawaida

Katika kitabu cha Tobiti yuko mbwa aliyefuatana na kijana Tobia safarini, akaenda naye na kurudi naye. Hafanyi jambo kubwa lolote. Anafuatana tu, na hiyo ndiyo asili ya mbwa. Ni mnyama wa kundi, na watu wa nyumba ndio kundi lake.

Kwanza tuseme neno la ujirani. Wengi wa majirani zetu katika pwani hii ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Anayefuga mbwa na amzuie asiingie uani kwa jirani. Huo ni upendo, na pia ni usalama, maana mbwa mzururaji hukutana na kila ugonjwa.

Mbwa husema kwa mwili. Mkia uliolegea ukipepea pamoja na kiuno chote ni furaha. Mkia uliosimama kikavu, ukitikisika kidogo, na nywele za mgongo zikiwa juu, ni onyo. Mkia ulioingizwa kati ya miguu ni hofu, na mbwa mwenye hofu huuma kama hana pa kukimbilia. Kunguruma ni hisani: anakuambia kabla ya kuuma. Anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma humfundisha kuuma pasipo kuonya.

Ziko nyakati nne ambapo hata mbwa mpole huuma: anapokula, anapolala na kushtuliwa, anapokuwa na watoto, na anapofungwa kamba halafu akachokozwa. Tena humfuata anayekimbia, kwa kuwa asili yake ni kuwinda. Mtoto akijiwa na mbwa asimjuaye, asikimbie wala asipige kelele. Asimame kama mti, mikono imeshuka, asimkazie macho, mpaka mbwa apite. Jambo hili na lifundishwe katika Shule ya Jumapili, watoto wakisimama na kuliigiza.

Wengine humlisha mbwa pilipili ili awe mkali. Haimwongezei ulinzi, inamtesa tu. Kadhalika tusishtushwe na ulimi uliotoka nje wakati wa jua kali. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, naye hujipoza kwa kuhema.

4. Mbwa aliyebadilika

Hapa ndipo tunapoomba mtege sikio.

Kichaa cha mbwa si jambo la vitabuni tu katika mkoa wetu. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango mkubwa wa kukitokomeza kusini-mashariki mwa Tanzania, Mtwara na Lindi zikiwamo, kwa uongozi wa Shirika la Afya Duniani, na mbwa wakachanjwa kijiji kwa kijiji kwa miaka kadhaa. Kisiwa cha Pemba kilikuwamo pia. Kule ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 kwa kuingizwa kutoka nje, na ikabidi mbwa wachanjwe upya mpaka ukatoweka tena mwaka 2018. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, sisi je, tulio bara? Tena wataalamu wamekuta kwamba huku Lindi na Mtwara bweha nao huugua na kuuma kwa wingi.

Watu wengi husubiri kuona mbwa mkali anayetoka povu. Wanasubiri ishara moja tu, na zipo nyingine. Dalili kubwa ni mabadiliko:

(a) Mbwa mpole akawa mkali pasipo sababu. Au mbwa mkali akawa mpole ghafula, akimlamba kila mtu.

(b) Mbwa wa nyumbani akaondoka, akaenda mbali, akiuma chochote njiani, hata vijiti na mawe.

(c) Sauti ikabadilika. Kubweka kukawa kama kulia kwa ukoo.

(d) Taya likalegea, mate yakatiririka, akashindwa kumeza. Hapo wenye nyumba husema, "Amekwamwa na mfupa," wakatia mkono kinywani kumsaidia. Jihadharini! Wako waliopata ugonjwa kwa wema huo, maana sumu imo katika mate.

(e) Mnyama wa porini, kama bweha au nyegere, akaingia kijijini mchana bila kuogopa watu.

Tena tuondoe kosa moja la zamani. Husemwa kwamba mbwa mwenye kichaa huogopa maji, kwa hiyo akinywa yeye ni mzima. Si kweli. Anayeogopa maji ni mwanadamu aliyekwisha kuugua. Mbwa mgonjwa aweza kunywa, aweza hata kuogelea.

5. La kufanya

Mtu akiumwa, au akikwaruzwa na kutoka damu, au mate ya mnyama huyo yakiingia katika kidonda au jicho, haya ndiyo ya kufanya:

Kwanza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata na mwingine aoshe. Likiwa ni jicho, lioshwe kwa maji matupu mengi. Msipake majivu, mafuta, ugoro wala majani.

Pili, nendeni hospitali siku hiyo hiyo mkaombe chanjo. Twajua kwamba kutoka Kitaya au Msimbati safari ni ndefu, na nauli ni tatizo. Mpeni mwenzenu nauli kabla ya kuanza mabishano kuhusu mbwa ni wa nani. Ulizeni pia ni kituo gani chenye chanjo, msije mkazunguka bure. Sindano zikamilishwe zote kwa tarehe zilizopangwa, hata kama kidonda kimepona. Kidonda hupona, ugonjwa ukabaki umelala, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu. Dalili zikianza kwa mtu, tiba karibu haipo kabisa, na mwisho wake ni kifo. Lakini aliyetibiwa mapema huokoka. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister kule Ufaransa, neno hili limehakikishwa tena na tena.

Tatu, mwambieni afisa mifugo. Mbwa aliyeuma akiweza kufungwa pasipo hatari, na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile, na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Lakini aliyeumwa asisubiri siku hizo ndipo aanze. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu, wala msimchune.

Nne, na hili ndilo la kulifanya kabla ya yote: mpelekeni mbwa chanjo kila mwaka. Wataalamu husema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia. Kumpiga risasi kila mbwa hakujauondoa ugonjwa, maana wengine huja kuchukua mahali pao, nao hawajachanjwa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Umoja wa Mama na vijana wetu wangefanya vema kuzipitia nyumba kabla ya siku hiyo, wakiwahesabu mbwa, wa Wakristo na wa wasio Wakristo, na kuipeleka hesabu hiyo kwa afisa mifugo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mara nyingi mtoto huficha kwa kuogopa kuchapwa. Basi waambieni leo, mezani, kwamba atakayesema ameumwa hatapigwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja tabia tatu za kawaida za mbwa wa nyumbani kwenu. Ungejuaje kwamba zimebadilika?

2. Kwa nini haifai kumpiga mbwa anayenguruma?

3. Mtoto ameumwa jioni, na gari la mwisho limekwisha kuondoka. Mtafanya nini usiku huo, na nani mtaani atasaidia alfajiri?

4. Mithali 12:10 yamtaja mwenye haki pamoja na mnyama wake. Je, chanjo ya mbwa ni sehemu ya haki hiyo? Jadilianeni.