Pigano la mia tano: ninavyoamua kununua JRPG mpya

Oktoba 2024 nilikuwa na hela ya gemu moja, na gemu mbili zilikuwa zinaniita. Metaphor: ReFantazio ya Atlus ilitoka tarehe 11 ya mwezi huo kwa dola 69.99. Tarehe 14 Novemba ilikuwa inafuata Dragon Quest III iliyotengenezwa upya, dola 59.99. Kwa bei ya dola ya siku zile, Metaphor peke yake ilikaribia laki mbili za Kitanzania, hapo bado hujaweka makato ya kadi wala bando la kuishushia. Nyumbani kwangu laki mbili ina majina mengine mengi: gesi, mchele, ada ya tuisheni.

Gemu ya mpira ukiishika dakika kumi kwa jirani umeshaijua. JRPG, yaani gemu ya Kijapani ya hadithi ndefu na mapigano, haijulikani hivyo. Ni saa sitini, themanini, nyingine mia na zaidi. Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa mbili, lakini kwa gemu za aina hii saa mbili bado uko sebuleni unatambulishwa kwa wenyeji. Kwa hiyo uamuzi unabidi uufanye mapema, hela ikiwa bado mfukoni.

Nilijifunza hilo kwa kuumia. Kuna gemu niliinunua siku ileile ilipotoka, jina lake naliacha, kwa sababu ya treila tu. Kinanda, msichana amesimama juu ya mwamba, upepo, machozi. Nikaenda nayo mpaka saa ya kumi na nne. Hadithi ilikuwa nzuri kweli, hapo sikudanganywa. Ila kulikuwa na bwawa, na kila hatua ishirini ndani ya bwawa lile nilikutana na vyura walewale watatu, nikaminya kitufe kilekile, nikasubiri uchawi uleule umalize mbwembwe zake. Jioni moja nikajikuta jikoni naosha vyombo ambavyo wala haikuwa zamu yangu, ili mradi nisirudi bwawani.

Tangu siku hiyo naanza na pigano dogo. Hadithi katika JRPG ni mboga. Ugali ni lile pigano la kawaida na vijidudu vya njiani. Imekuwa hivyo tangu 1986, Yuji Horii na wenzake wa Enix walipotoa Dragon Quest ya kwanza kwenye Famicom: unatembea, adui anakutokea, unachagua kupiga, kuroga au kukimbia, unapata pointi na hela, unaendelea na safari. Mifupa hiyo bado ipo hata pale nyama ilipobadilika kabisa. Mboga ikiwa tamu na ugali mbichi, hutashiba.

Kwa hiyo treila siziangalii tena. Natafuta video ya mtu anayecheza katikati ya gemu, tuseme saa ya ishirini hivi, na ikiwezekana awe haongei. Nawasha saa ya kupimia kwenye simu. Nahesabu kuanzia anapomgusa adui mpaka anapoweza kutembea tena. Kisha napiga hesabu ya mapigano mia tano, ambayo kwa gemu ndefu si mengi. Pigano la sekunde arobaini linakula saa tano na nusu za maisha yako. La dakika moja na nusu linakula saa kumi na mbili na nusu. Naangalia pia kama katika huo muda mchezaji anafikiri au anaminya tu. Sekunde tisini za kufikiri nazilipia kwa moyo mweupe. Sekunde tisini za kutazama joka likijinyoosha kwa mara ya mia mbili, hapana.

Kama kuna demo, hapo umepata bahati, na Wajapani siku hizi ni wakarimu. Dragon Quest XI S ilikuwa na demo ya saa kama kumi. Octopath Traveler II ilikupa saa tatu. Metaphor ilitoa demo tarehe 25 Septemba 2024, zaidi ya wiki mbili kabla ya gemu yenyewe, sehemu nzima ya mwanzo, na ulichokisevu kinaingia kwenye gemu kamili. Mimi niliishusha usiku, nikaicheza siku tatu.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba vijidudu vilivyo dhaifu kuliko wewe huhitaji hata kuingia navyo kwenye pigano la zamu. Unavikata palepale njiani kwa upanga, vinaanguka, unapita. Wenye nguvu unawapiga mpaka wapepesuke, ndipo unaingia nao kwenye zamu ukiwa umewatangulia. Ukizubaa wakakuwahi wao, wanaanza wao. Bwawa langu la vyura lingekuwa la dakika mbili.

Ndani ya zamu kuna alama juu ya skrini zinazohesabu mara ngapi upande wako unaweza kutenda. Ukimpiga adui penye udhaifu wake, unatumia nusu ya alama tu, yaani umejipatia tendo la ziada. Ukikosa, zinaondoka mbili kwa mpigo. Tulikuwa wawili, mimi na Strohl, mwenzangu wa ndani ya gemu, alama mbili. Nikarusha pigo, likapita hewani, alama zote zikayeyuka kabla Strohl hajainua upanga, na wale jamaa wakatushukia kama mwewe. Nilicheka peke yangu chumbani. Pigano lilikuwa dogo kabisa, la kijidudu cha kawaida, na bado lilinifanya nikae wima kwenye kiti. Ukiona hivyo, ujue ugali umeiva.

Demo ina faida nyingine, inakuambia ukweli kuhusu kompyuta yako. Yangu ni ya mezani, mtumba, imepita mikononi mwa watu. Nilishusha ubora wa picha mara mbili ndipo ikakubali kutembea bila kukwama. Ni bora nijue hilo bure. Na angalia nafasi kwenye diski: Final Fantasy VII Rebirth kwa kompyuta inataka GB 155. Hapo unanunua gemu mara mbili, kwa mtengenezaji na kwa mtu wa bando.

Kisha muziki. Wengi wanaudharau, lakini wimbo wa mapigano utausikia mara nyingi kuliko wimbo wowote wa harusi ya ndugu zako. Jaribio langu ni rahisi: nautafuta, nauweka ujirudie nusu saa wakati napiga pasi. Nikimaliza mashati bila kuuzima, umefaulu. Wa Metaphor, kazi ya Shoji Meguro, una mtawa wa Kibuddha kutoka Japani anayeghani kwa Kiesperanto, haraka haraka, pumzi moja baada ya nyingine. Mke wangu alichungulia mlangoni akauliza, "Hao ni watu wa dhikiri au kwaya?" Nilishindwa kumjibu, lakini mashati yaliisha.

Swali la umeme wachambuzi wa Tokyo na Marekani hawaliulizi, na mimi nawaelewa. Kwetu ni la lazima: naweza kusevu wapi? Dragon Quest kwa desturi inakupeleka kanisani. Persona 5 ukiwa ndani ya Palace, yaani jumba la adui, inakudai ufike kwanza kwenye chumba cha usalama. Ukiwa na laptop au Switch hayo hayakuhusu, una betri. Mwenye kompyuta ya mezani, LUKU ikiisha au laini ya mtaa ikikatika, saa nzima imekwenda na maji. Hapo Dragon Quest III mpya ilipata alama kwangu, kwa sababu inajisevu yenyewe.

Lugha nayo. Hakuna hata moja yenye Kiswahili, na nyingi ni kusoma, kusoma, kusoma. Kiingereza changu ni cha shule na kazini, kinatosha. Lakini watafsiri wa Dragon Quest wanapenda lahaja: katika ile ya nne iliyotoka kwenye Nintendo DS mwaka 2008, sura nzima ya mwanzo watu wanaongea Kiskoti, na ndani ya XI kuna kijiji wanachoongea kwa mashairi mafupi ya haiku. Mimi nafurahia. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikata tamaa kwenye mazungumzo ya tatu, akaniambia, "Mjomba, hiki siyo Kiingereza walichotufundisha." Kama unamnunulia kijana, tazama kwanza video ya dakika kumi za mazungumzo matupu.

Kuhusu maoni ya wanunuzi pale Steam, usiishie kwenye asilimia. Kila maoni yanaonyesha saa alizocheza mtu. Nasoma makundi mawili: waliolalamika wakiwa na saa sita au nane, wanaoniambia mwanzo ukoje, na waliolalamika wakiwa na saa sabini, ambao ni watu wa thamani kubwa, maana wameipenda kiasi cha kuvumilia na bado wana neno. Sentensi inayonitia wasiwasi ni ile ya "vumilia, baadaye inachanganya". Final Fantasy XIII inakufungulia uwanda mpana kwenye sura ya 11. Kama una moyo huo, haya.

Kilichobaki kilikuwa ni kusubiri au kutosubiri. Atlus wana tabia inayojulikana: wanatoa gemu, kisha wanairudisha sokoni ikiwa imeongezwa. Persona 3 ya 2006 ilifuatiwa na FES mwaka 2007. Persona 4 ya 2008 ikapata Golden 2012. Persona 5 ya 2016 ikapata Royal 2019, na aliyekuwa na ile ya kwanza alinunua upya na kuanza upya. Shin Megami Tensei V ya 2021 ikarudi 2024 kama Vengeance. Mtu mwenye subira anakaa kando miaka miwili mitatu, anakula kilichoiva na bei imeshuka. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na kwa kawaida naifuata.

Niliivunja. Likizo yangu ilikuwa Novemba, wiki tatu, ya kwanza ndefu baada ya muda mrefu, na gemu ya saa themanini bila likizo ni deni tu. Dragon Quest III ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 10 Februari 1988, siku ya kazi, wanafunzi wakatoroka shule kwenda kupanga foleni. Hadithi yenye umri wa miaka 36 haichachi kwa kukaa kabatini mwaka mwingine mmoja. Nikaiweka kwenye orodha ya kusubiri punguzo.

Metaphor niliilipia Ijumaa usiku kwa kadi ya simu, nikaiacha ishuke, nikalala. Asubuhi mpwa wangu alikuwa ameshakaa kwenye kiti changu na padi mkononi, ananisubiri mimi ndio nifungue. Sevu ya demo ikaingia bila tatizo: saa zangu zote, hela zangu zote, Strohl pembeni, na kile kijimalaika cha gemu, Gallica, kinapepea juu ya bega.

"Mjomba, hii nayo inaisha lini?"

"Sogea huko kwanza," nikamwambia.