Kabla Hujabonyeza "Tena"



Leo naongea na wewe unayecheza chesi ya dakika tano kwenye simu, ukifungwa unabonyeza "tena" hata hujavuta pumzi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka likizo moja niliyokaa kwa shangazi yangu Mtera.

Jioni moja kijana wa jirani, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliniletea ubao. Yeye alishika nyeupe. Alisogeza askari e4, nikajibu e5. Papo hapo akamtoa malkia mpaka h5. Nilipomwona malkia karibu hivyo, nikataka kumfukuza upesi, nikasukuma askari g6. Akala askari wangu wa e5: cheki! Kutoka hapo malkia alikuwa anaikodolea macho ngome yangu ya h8. Nikamkinga mfalme, ngome ikaliwa.

Tuliendelea hadi nikafungwa. Nikalalamika kwamba muda umeniponza. Kijana akatikisa kichwa: "Hapana dada, ulifungwa hatua ya pili. Ngoja nikuonyeshe."

Ukikaa Mtera, si vigumu kumwelewa. Bwawa la hapo, kwenye mto Ruaha Mkuu, lina mitambo yake ya megawati 80, na maji yakishapita hapo yanateremka hadi Kidatu kuzungusha mitambo mingine. Lango linafunguliwa huku, kishindo kinasikika kule chini. Kosa la mwanzo wa mchezo nalo liko hivyo: unalifanya hatua ya pili, unalilia hatua ya ishirini, halafu unailaumu saa.

Tukarudisha kete. Nilichojifunza ni kwamba g6 si hatua mbaya, niliiharakisha tu. Kwanza ningetoa farasi c6 amlinde askari wa e5. Nyeupe akileta askofu c4, askofu na malkia wote wanailenga f7, na pale mlinzi ni mfalme peke yake. Hapo sasa ndipo unasukuma g6. Malkia akirudi f3 kuitazama f7 tena, unamtoa farasi wa pili f6 na njia inazibika. Mwenzako amemhangaisha malkia wake mara mbili. Wewe farasi wako wote wawili wako kazini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukifungwa fanya hivi. Simu imehifadhi hatua zote. Zirudie polepole kutoka ya kwanza. Simama pale ulipopoteza kete mara ya kwanza, kisha rudi nyuma hatua moja ujiulize: mwenzangu alikuwa anataka nini hapa? Nina hakika mara nyingi utakuta hukujiuliza kabisa. Andika kosa hilo moja kwenye daftari. Moja linatosha, ukibeba makosa kumi kwa siku, hata moja hutalikumbuka kesho. Halafu anza michezo mitatu inayofuata kwa mwanzo ule ule. Usiukimbie kwa sababu umekuumiza.

Na usione haya kufundishwa na mdogo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alionyeshwa mwendo wa kete na mtoto mdogo kuliko yeye, katika kikundi cha mwalimu Robert Katende. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Chesi huko Istanbul, alifikia kiwango cha kupewa cheo cha kimataifa cha wanawake. Angesusa kwa aibu siku ile ya kwanza, tusingelijua jina lake.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, nilimwomba kijana turudie. Akamtoa malkia h5 kama mwanzo. Mkono wangu ukaenda kwa askari wa g, ukasita, ukamshika farasi. Nilifungwa tena, ila safari hii hatua ya pili haikuwa na lawama, na daftarini nikaandika kosa jipya.