Vidokezo 12 vya Kuachana na Gari Lililochoka na Kulizoea Jipya

Kila gari linafika siku yake. Leo rejeta, kesho shokapu, keshokutwa limekugomea katikati ya foleni ya Mwenge na daladala zinakupigia honi. Sisi tunaokaa Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi hali hii tunaijua, maana safari ya kwenda mjini ni ndefu na foleni haiihurumii injini iliyochoka. Kuliondoa gari hilo na kupokea jingine ni kazi mbili. La zamani halijaondoka mpaka jina lako litoke kwenye kadi, na jipya halijawa lako mpaka uzijue tabia zake. Vidokezo hivi vinakusaidia kuzimaliza zote mbili salama.

1. Piga hesabu kwanza

Andika kila shilingi iliyokwenda gereji miezi sita iliyopita: spea, ufundi, kuvutwa na breki dauni, hata nauli za bodaboda za siku ulizokwama. Mali bila daftari huisha bila habari. Jumla ikikaribia bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa, usiendelee kujidanganya. La kuvunda halina ubani, na rangi mpya haiiponyi injini inayokula oili. Lakini kama ubovu ni mmoja, unajulikana, na injini na gia boksi ni nzima, tengeneza uendelee nalo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Litazame kwa jicho la mnunuzi

Swali la kwanza utakaloulizwa ni "Namba gani?" Mnunuzi wa Dar anataka kujua kama ni namba B, C, D au E, na bei anaianzia hapo. Kumbuka kwamba herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 linaweza kubeba namba ya juu kwa sababu tu lilichelewa kuingia nchini. Kwa hiyo andaa majibu yote mawili, mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa. Kama gari lako ni IST, Vitz, Raum au Corolla, una nafuu: spea zake zimejaa Kariakoo na kila fundi wa mtaani analijua.

3. Sema ugonjwa wake

Mnunuzi makini atakuja na fundi wake, na fundi ataona. Ukitangulia kusema kwamba bushi za mbele zimekwisha au AC haipoozi, mazungumzo yanabaki kwenye bei. Ukificha, yanahamia kwenye uaminifu wako. Hakuna anayependa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Orodhesha ubovu huo kwenye mkataba, uandike kwamba gari linauzwa kama lilivyo. Mstari huo utakulinda hata baada ya mwaka.

4. Mpe dalali mipaka

Dalali mzuri anakuletea wateja ambao Instagram na makundi ya WhatsApp hayatawaleta. Mweleze mapema kiasi unachotaka kiingie mkononi mwako, na mkubaliane kama atachukua kamisheni au ataweka cha juu. Kadi halisi ya gari ibaki nyumbani kwako. Mteja akitaka kulijaribu gari, kaa naye ndani. Malipo yapitie benki, na funguo zitoke baada ya wewe kuona salio limeongezeka kwenye akaunti yako, maana picha ya muamala inayotumwa kwa simu haithibitishi kitu.

5. Safisha madeni yanayofuata namba

Ingia kwenye mfumo wa trafiki wa Jeshi la Polisi, weka namba ya gari, uone kama kuna faini. Fanya hivyo pia kwa ada za maegesho za TARURA, ambazo watu wengi huzisahau kwa sababu karatasi iliachwa kwenye kioo siku ya mvua. Omba kumbukumbu namba, lipa, tunza risiti. Kama gari lina bima kubwa na muda bado upo, waulize watu wa bima juu ya kurudishiwa sehemu ya fedha au kuihamishia kwenye gari jipya. Usiiache ipotee.

6. Jina litoke kwenye kadi

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mnunuzi amelipa, amepewa funguo na kadi, mmeagana kwa furaha. Miezi inapita na kadi bado ina jina lako. Gari likimgonga mtu Rangi Tatu na dereva akakimbia, polisi wakiisoma namba watakayemkuta ni wewe. Likitumika kwenye uhalifu, mlango utakaogongwa usiku ni wako.

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila mmoja akiwa na TIN na kitambulisho chake cha NIDA, kisha mbadilishe umiliki TRA. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, pamoja na ada ya kuhamisha umiliki na ya kadi mpya. Kubalianeni mapema nani analipa, na gharama hiyo mnunuzi aijue kabla hajaleta pesa. Bei iliyoandikwa iwe ile mliyopatana kweli, kwa sababu mkitofautiana baadaye karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Kwenye mkataba weka tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi na saa ya kukabidhiana. Ukiandika "saa 10 jioni", ajali ya saa 12 jioni siku hiyohiyo haitakuwa na mjadala. Usipumzike mpaka umeona kadi yenye jina jipya, au angalau nakala yake kwenye simu yako.

7. Likikosa mnunuzi, limalize vizuri

Kuna magari yamegeuka mabanda ya kuku uani, matairi yamezama mchangani, watoto wanachezea usukani. Kama lako linaelekea huko, waulize mafundi wa jirani. Milango, taa, rejeta na hata injini vinaweza kuuzika kimoja kimoja kwa jumla kubwa kuliko bei ya chuma chakavu. Bodi ndiyo iende kwa mnunuzi wa skrepa, ikayeyushwe kiwandani itoke nondo.

Vibao vya namba usimwachie mtu, kwa sababu vinaweza kuvishwa gari la wizi. Nenda navyo TRA pamoja na kadi, ukaulize utaratibu wa kufuta usajili. Betri iuze ikiwa nzima, kwa kuwa ndani yake kuna asidi na madini ya risasi. Oili chafu usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu yanaishia mitoni, na Mto Kizinga ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni unaotunywesha sisi wenyewe watu wa Temeke.

8. Bei ya Japani si bei ya Dar

Japani gari hukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Ndiyo maana Wajapani wengi huyauza magari yao yakiwa bado mazima, na bei unayoiona kwenye simu inakuvutia. Ongeza juu yake usafiri wa meli, ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda kadiri injini inavyokuwa kubwa, nyongeza ya uchakavu kwa magari yaliyozidi miaka minane, kisha gharama za bandari na wakala. TRA wana kikokotoo mtandaoni: unachagua aina ya gari, mwaka na nchi linakotoka, nacho kinakupa jumla ya kodi. Kitumie kabla hujatuma hata dola moja. Ukinunua yadi za Kinondoni au Barabara ya Bagamoyo utalipa zaidi, lakini gari unaliona, unaliwasha na unaingia chini yake na fundi.

9. Kipya kinyemi ingawa kidonda: likague siku ya kwanza

Gari jipya kwako limeshatumiwa na mwingine miaka mingi. Anza na matairi. Ubavuni tafuta tarakimu nne: 1519 maana yake ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Ukikuta neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake ni laini, na lami ya Dar yenye joto itaula haraka. Panga kuyabadilisha. Ingia pia uvunguni, kwa sababu magari yaliyotoka mikoa ya baridi ya Japani hupitishwa kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu huanzia chini, mbali na macho.

Kisha gia boksi. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya kawaida. IST iliyofuata, nyingi zina CVT. Jina ni moja na oili ni tofauti. Ukiweka oili ya ATF kwenye CVT unaiua gia boksi, na kuinunua nyingine ni pigo kubwa. Usikubali fundi akwambie "zote ni sawa." Soma kitabu cha gari, au aina iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia, na oili inunue mwenyewe ukiwa umeona kopo lake.

10. Usihangaishwe na Kijapani chake

Ukiwasha, sauti ya mwanamke itakwambia jambo kwa Kijapani. Mara nyingi anakukumbusha kuwa kadi ya ETC haijawekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Gari halina ubovu. Kifaa hicho fundi umeme anaweza kukichomoa. Redio nayo ina mambo yake: redio nyingi za Kijapani husoma FM kuanzia 76 hadi 90, kwa hiyo Clouds ya 88.5 utaipata, lakini EFM ya 93.7 hutaisikia mpaka ufungiwe kigeuza masafa au redio nyingine. Kigeuza masafa ni kitu kidogo na cha bei ndogo, anza nacho kabla hujanunua redio nzima.

11. Upe mwili muda wa kujifunza

Mguu uliozoea klachi utaitafuta. Uegemeze pembeni, ufanye kazi mguu mmoja tu. Kama umetoka kwenye Noah ukaingia kwenye Passo, au kinyume chake, tafuta uwanja mtulivu Jumapili asubuhi, weka ndoo mbili, ufanye mazoezi ya kurudi nyuma mpaka ujue mwisho wa gari ulipo. Njia ya kwenu ikiwa ya vumbi na makorongo, pita kwanza bila abiria, usikilize wapi linagusa. Spesa zinalinyanyua gari, ila ziwe za kiasi, kwa sababu ukizidisha unaharibu mlalo wa magurudumu na gari linayumba kwenye kona.

Lenye kitufe cha kuwashia, jifunze jambo moja mapema: betri ya rimoti ikiisha, fungua mlango kwa ufunguo mdogo uliomo ndani ya rimoti, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe, kisha bonyeza. Mfundishe na mwenzako nyumbani. Siku ya kumkimbiza mtoto Hospitali ya Temeke au Mwananyamala usiku si siku ya kuanza kusoma maelekezo.

12. Lilinde, ulipangie fungu lake

Wiki ya kwanza chora namba ya gari kwenye vioo, taa na saiti mira. Hiyo ni kazi ya muda mfupi, na mwizi hupenda kuchukua kisichokuwa na alama. Hakikisha bima yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, na usitosheke na karatasi uliyopewa. Kisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, tenga siku hiyohiyo fungu la gari: mafuta ya mwezi, sevisi, na akiba kidogo ya matairi. Tunza kila risiti. Gari linalohudumiwa kwa wakati hukupeleka kazini na kukurudisha nyumbani bila presha, na siku ya kuliuza ikifika, hakuna swali la mnunuzi litakalokupa hofu.