Kupunguza Sala kwa Mwendesha Baiskeli

Ndugu wanaopanda milima kwa baiskeli huniuliza: je, uchovu unaruhusu kupunguza sala? Jambo si dogo, kwani anayepunguza bila kustahiki sala yake haisihi.

Katika madhehebu ya Shafi'i kinachopimwa ni umbali, si jasho: takriban kilomita 81 za kwenda tu, safari iwe halali na mwisho wake ujulikane. Dzaleka hadi Lilongwe ni kama kilomita 45. Ukijumlisha za kurudi haikufai kitu, hata vilima vya Dowa vikuchoshe vipi. Lakini nikinuia tangu mwanzo kufika Dedza, mji ulio juu ya mita 1,500, kupitia Lilongwe, nazidi kilomita 100. Nikishatoka kwenye makazi ya Dzaleka, naswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi.

Aliyechagua njia ndefu ya milimani ili apunguze tu, hapunguzi. Aliyeichagua kwa usalama, hupunguza.

Na kwenda peke yako? Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kuhusu kusafiri usiku bila mwenzako. Basi tafuta mwenza, au uwe umefika kwa watu kabla ya giza.

Wallahu a'lam.