Motere mpya zaidi ndani ya kamioneti ya zamani: koperative ipime nini mbele ya kutoa feza?



Katika vijiji vingi kunabaki kamioneti za zamani zenye hazitembei tena. Mara nyingi ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 40, ile ilitengenezwa tangu 1960 mpaka 1984. Motere imekufa, lakini kabini, shasi na magurudumu viko. Watu wanaipita kila siku na gunia kwenye chukudu, kwenye pikipiki ao kwenye kichwa. Siku moja katika mkutano mtu anauliza: mbona tusitie motere nyingine, gari itembee tena?

Jibu ni hili: inawezekana, na mafundi wetu wanaijua kazi hiyo. Lakini motere ni sehemu moja tu. Gari yenye inapata nguvu mpya na kubaki na freni za zamani inaweza kuua watu. Na gari yenye inatembea vizuri bila hesabu inaweza kumaliza sanduku la koperative. Katika somo hili tutaona hesabu kwanza, kiisha kazi yenyewe kwa utaratibu wake.

1. Juu ya nini motere mpya zaidi?

Land Cruiser za familia ya 40 zilitoka na motere za namna mbalimbali. Nyingi ziko na motere ya esanse ya silinda 6, inaitwa F ao 2F. Zingine ziko na motere ya mazutu, inaitwa H, na tangu 1980, 2H. Ni motere za nguvu, lakini piesi zake zinapatikana kwa shida, na zile za esanse zinakunywa mingi.

Motere yenye mafundi wengi wanachagua ni 1HZ. Ilianza 1990 katika Land Cruiser za familia ya 70, zile tunaona kila siku kwa mashirika, kwa mamisioni na kwa kampuni za migodi. Ni ya mazutu, silinda 6, litre 4.2, haina turbo. Pompi yake ya kusukuma mazutu inafanya kazi kwa vyuma, haiongozwi na ordinatere. Fundi wa mtaa anaweza kuitengeneza na funguo zake, bila mashine ya kusoma makosa.

Basi sababu kubwa ya kubadili siyo mbio. Ni kupata piesi karibu, na fundi mwenye anaijua motere. Mbele ya kuchagua motere yoyote, tembeeni katika mji wenu mkuuze bei ya filtri, ya pompi ya maji na ya juwe ya kulasi. Kama vitu hivyo vitatu havipatikani, hata motere ya bei ndogo itawatesa.

2. Hesabu inatangulia

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunza tu, ninyi mtaweka za kwenu.

Koperative iko kilometa 60 toka soko. Kamioneti inabeba gunia 16 za kilo 50, ndiyo kilo 800. Ukiongeza dereva na karani, kilo 140 hivi, inakuwa kilo 940. Kamioneti ya namna hii inabeba karibu tani moja. Hapana kupita pale, hata kama nafasi inaonekana.

Leo wanamemba wanalipa dola 3 kwa gunia moja kwa gari ya kukodi. Basi gunia 16 ni dola 48. Ndiyo feza yenye gari yetu ingeleta kwa safari moja.

Sasa matumizi ya kwenda na kurudi: mazutu litre 20 kwa dola 1.5, ni dola 30. Dereva dola 6. Taksi za njiani dola 4. Jumla dola 40. Inabaki dola 8.

Lakini kila safari inakula pneu, mafuta ya motere, resori na freni. Tuweke dola 15 kando kwa kila safari juu ya matengenezo. Dola 8 kutoa dola 15: tunapoteza dola 7 kila mara gari inatembea. Gari inatembea, watu wanafurahi, na koperative inakufa polepole.

Tuangalie tena. Gari ikirudi na mzigo (chumvi, sabuni, mabati, mbegu), tuseme wafanyabiashara wa kijiji wanalipa dola 30. Sasa inabaki dola 38. Tukitoa 15 za matengenezo, inabaki dola 23 za kweli. Kama kazi yote ya kutengeneza gari ilikula dola 6,000, tunahitaji safari 261 kwa kuzirudisha. Kwa safari 2 kila juma, ni miaka 2 na nusu. Kama mvua inakata barabara na tunafanya safari 80 tu kwa mwaka, inapita miaka 3.

Fundisho ni nini? Mzigo wa kurudi ndio unalipa gari. Kama hamujui nani atajaza gari wakati wa kurudi, ni vizuri kuendelea kukodi.

3. Shasi ndiyo msingi

Mtu hajengi nyumba juu ya nguzo zenye mchwa. Mbele ya kununua motere, osheni shasi yote kwa maji na burosi. Kiisha fundi apige polepole kwa nyundo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia wazi. Chuma chenye kutu ndani kinalia kama kitu kilichofunikwa, ao kinatoboka. Angalieni zaidi pahali resori zinashikamana na shasi, pahali bwati ya direksio imefungwa, na nyuma ya kabini. Hapo ndipo nyufa zinaanza.

Ufa mdogo fundi mzuri anaweza kuuchomelea na kuutia nguvu kwa kibao cha chuma. Lakini kama kutu imekula shasi pahali pengi, achaneni na gari hiyo. Muiuze kwa piesi.

Kila mara kabla ya kuchomelea, kabeli za batri na za alternatere zifunguliwe. Moto wa kuchomelea ukipita mule, alternatere inakufa.

4. Freni kabla ya nguvu

Kamioneti nyingi za zamani ziko na freni za ngoma kwa magurudumu yote ine. Zikitengenezwa zinasimamisha gari, lakini kwa mteremko mrefu na mzigo zinapata moto na nguvu yake inapunguka. Basi garnitire, silinda ndogo za magurudumu, mabomba na mafuta ya freni: vyote vibadilishwe ao vipimwe mbele motere mpya haijaingia. Kama fundi anaweza kutia freni za diski mbele toka gari ya baadaye, ni feza imetumika vizuri.

Hapa kuna hatari moja yenye watu wengi hawaijui. Servo ya freni ni ile chungu ya chuma ya duara chini ya kapo, mbele ya dereva. Inasaidia mguu kukanyaga freni. Inafanya kazi kwa uvutano wa hewa. Motere ya esanse inafanya uvutano huo yenyewe, pahali inavutia hewa. Motere ya mazutu kama 1HZ haiufanyi: inahitaji pompi yake ya kuvuta hewa. Fundi akitoa motere ya esanse, akatia ya mazutu, na akasahau pompi hiyo ao bomba yake, padali ya freni inakuwa nguvu kama jiwe. Kwa uwanja wa garaji hamutaiona. Mtaiona kwa mteremko, gari ikiwa imejaa.

Kuna namna rahisi ya kupima, na kila mwanamemba anaweza kuifanya. Zima motere. Kanyaga padali mara tano ao sita. Acha mguu juu yake, ukikaza. Sasa washa motere. Padali inapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Kama haishuki, servo haifanyi kazi: gari isitoke.

5. Kununua motere yenyewe

Motere nyingi za kuuzwa zimekwisha kutumika. Hapana kununua motere yenye iko chini, imepakwa rangi safi. Muombe kuisikia ikiwaka asubuhi, ikiwa baridi. Angalieni mambo haya:

- Moshi. Moshi wa buluu unaoendelea ni kusema inachoma mafuta yake. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata moto unaweza kuonyesha maji ndani ya silinda ao mazutu yasiyochomeka vizuri.
- Mafuta. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.
- Kifuniko cha mafuta. Kifungueni motere ikiwaka. Hewa nyingi ikipuliza kwa nguvu, segma zimechoka.
- Kompresio. Fundi apime silinda zote 6. Silinda moja isiwe chini sana kuliko wenzake.
- Namba ya motere. Ilingane na karatasi za muuzaji. Namba imekwaruzwa? Ondokeni.

Ikiwezekana, nunueni motere pamoja na bwati yake ya vitesi, ambreyaji na kloshi, ndiyo ile nyumba ya chuma yenye inaunganisha motere na bwati. Vitu hivyo vikitoka gari mbalimbali, kulinganisha kunakula siku nyingi na feza.

Tena, 1HZ iko na mkanda wa meno ndani, wenye mafundi wanauita kurwa ya distribisio. Ukikatika, vali zinagonga pistoni na motere inaharibika. Kwa kuwa hamujui umri wake, mubadili mkanda huo mbele ya kutia motere katika gari, wakati bado ni rahisi kuufikia.

6. Kuitia ndani: vitu vinavyosahaulika

Motere ikikaa pahali pake, kazi haijaisha. Komite iulize fundi juu ya kila jambo hapa:

- Radiatere itoshe motere mpya. Kulasi ya 1HZ ikipata moto sana inaweza kupasuka. Kipimo cha moto na cha presio ya mafuta vifanye kazi mbele ya dereva.
- Tanki yenye ilikuwa ya esanse ioshwe kabisa. Motere ya mazutu inahitaji pia bomba ya pili ya kurudisha mazutu ndani ya tanki, na filtri ya kutenga maji.
- Umeme. Gari zingine ziko na volti 12, zingine 24. Demarere, alternatere, batri na taa vyote viwe vya namna moja.
- Shafti ya kardani. Bwati ikisogea, urefu wake unabadilika. Ikatwe na kusawazishwa na mtu mwenye mashine, siyo kwa macho.
- Resori za mbele. Motere ikiwa nzito kuliko ile ya zamani, gari itainama mbele.

Rangi ya gari ni ya mwisho kabisa.

7. Mapatano na fundi, na karatasi

Andikeni mapatano: kazi gani, piesi gani, siku ngapi. Lipeni kwa mafungu: moja shasi na freni zikiisha, lingine motere ikiwaka, la mwisho kiisha gari imebeba mzigo kilometa 100 bila shida. Piesi za zamani zirudishwe kwa koperative.

Gari ikiwa na motere nyingine, namba yake inabadilika. Pelekeni karatasi za kununua motere kwa ofisi yenye inaandikisha magari katika jimbo lenu, ili kadi roze ilingane na gari, na mjulishe pia asiransi. Msipofanya hivyo, kila kizuizi kitakuwa mazungumzo.

8. Gari ikianza kazi

Kiisha kilometa 1,000 za kwanza, badilini mafuta na filtri, na mkaze buloni zote za sipoti za motere. Dereva awe na daftari: kila asubuhi mafuta, maji, freni, kila safari kilometa, mazutu, mzigo. Mazutu ya bidoni yakae usiku mzima, kiisha mimina ya juu. Ya chini yenye uchafu na maji isiingie katika tanki.

Zile dola 15 za kila safari zikae katika sanduku lake, na daftari lake, mbali na feza za kununua mavuno. Komite ikizikopa kwa jambo lingine, gari itasimama siku pneu zitapasuka.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Gari yetu ingebeba nini wakati wa kurudi toka soko? Nani yuko tayari kulipa, na kiasi gani?
2. Kwa barabara yetu, tunaweza kufanya safari ngapi kwa mwaka, tukitoa miezi ya mvua?
3. Nani katika koperative atakuwa na haki ya kukatalia dereva kupakia kupita kiasi, hata kama mzigo ni wa mwenye kiti?
4. Tufanye tena hesabu ya sehemu ya 2 na bei zetu. Inabaki dola ngapi? Kama ni chini ya sifuri, tutafanya nini kwa sasa?