Mtoto amejipa alama nyingi kuliko nilizompa

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ana ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Kliniki tulijaza dodoso la ubora wa maisha, yeye lake na mimi langu. Amejipa alama nyingi kuliko nilizompa. Je, hakuelewa maswali?

JIBU: Mama, yaelekea alielewa vizuri tu. Dodoso linalotumika sana ni PedsQL, la mwanasaikolojia wa Marekani James Varni. Sehemu ya jumla ina maswali 23 kuhusu mwili, hisia, wenzake na shule. Ipo nyingine mahususi kwa magonjwa ya neva na misuli. Majibu hugeuzwa kuwa alama 0 hadi 100, na alama kubwa ni maisha bora.

Wazazi wa watoto wenye Duchenne mara nyingi hutoa alama za chini kuliko watoto wenyewe. Wewe unakumbuka alivyokuwa akitembea na unahofia kesho; yeye anapima siku zake: alicheza na nani, nani alimtania. Misuli inaweza kudhoofika na furaha ikabaki. Ndiyo maana kupima nguvu peke yake hakutoshi.

Dodoso lako pia lina thamani, kwani mzazi huona uchovu ambao mtoto ameshauzoea. Mkijaza tena, mwache ajibu bila wewe kuwa karibu. Watoto wengine huficha maumivu wasimhuzunishe mama. Kisha tazameni na daktari wake swali mojamoja mlipotofautiana, hasa maswali ya shule. Jumla nzuri ya alama inaweza kuficha kwamba wakati wa mapumziko hukaa peke yake, na hilo mwalimu anaweza kulishughulikia wiki hiihii.