Je, Mwingereza ndiye aliyeiunda India?

Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza: "Ustadhi, si kweli kwamba bila Mwingereza kusingekuwepo taifa la India?" Kengele ikalia kabla sijamjibu ipasavyo. Naomba nimjibu hapa.

Kwanza tukubali lililo la kweli. Bara Hindi lilikuwa na falme nyingi, na hata dola ya Kiislamu ya Mughal haikulitawala lote. Mwingereza alileta reli, iliyoanza Bombay mwaka 1853, utawala mmoja na lugha ambayo wasomi wa kaskazini na kusini waliitumia kuelewana. Chama cha Congress kilipoanzishwa Bombay mwaka 1885, vyote hivyo vilikisaidia.

Lakini kutawaliwa pamoja ni jambo moja, na kujiona ndugu ni jambo jingine. Mwaka 1857 askari walioasi Meerut, Wahindu na Waislamu, walikwenda Delhi wakamtangaza Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka zaidi ya 80, kuwa kiongozi wao. Wahindu walio wengi walikubali kupigana chini ya jina la mfalme Mwislamu. Umoja huo hawakufundishwa na Mwingereza. Yeye aliuzima kwa damu, akampeleka mzee yule uhamishoni Rangoon, alikofia mwaka 1862.

Baada ya hapo watu walianza kuhesabiwa. Tangu sensa ya 1871-72 kila mtu aliandikwa kwa dini yake na tabaka lake. Mwaka 1905 Bengal ikagawanywa, mashariki wakiwa wengi Waislamu. Mwaka 1909 sheria ikaweka viti vya Waislamu vinavyopigiwa kura na Waislamu peke yao.

Hapa tusidanganyane. Viti hivyo viongozi wa Kiislamu waliviomba wenyewe mwaka 1906, kwa kuhofia kumezwa na walio wengi. Hofu yao ilikuwa na msingi. Ila mtawala aliipokea kwa furaha, kwa sababu ilimfaa.

Wanazuoni nao walitofautiana. Mwaka 1938 Maulana Husain Ahmad Madani wa Deoband alitoa hoja kwamba Waislamu na wasio Waislamu wa India wanaweza kuwa taifa moja, akitegemea mkataba wa Mtume (s.a.w.) na watu wa Madina, wakiwemo Mayahudi. Muhammad Iqbal alimpinga vikali. Maulana Azad, aliyezaliwa Makka, aliiongoza Congress kuanzia 1940 hadi 1946, wakati Jinnah akidai Pakistan. Wote hao ni Waislamu, na kila mmoja alijiona anaulinda umma.

Mwaka 1947 mpaka ulichorwa kwa takriban wiki tano na mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla ya kazi hiyo. Mamilioni walihama, na mamia ya maelfu waliuawa, majirani wakichinjana.

Basi mwanangu, jibu langu ni hili. Mwingereza aliunda utawala. Taifa liliundwa na watu waliomkataa wakiwa pamoja, na mafungu aliyowaandikia ndiyo waliyogawanyikia baadaye. Ukisikia mtu anakuhesabu kwa dini yako, muulize kwanza hesabu hiyo ni ya kukupa haki au ya kukutenga na jirani yako.

Wabillahi tawfiq.